Shimo la Bruda Anselmi

Kwa mara ya tatu mwezi ule, kaburi la wazi lilikutwa limefukiwa.

Udongo ulikuwa umeshindiliwa vizuri, na nyasi zimerudishwa juu yake kipande kwa kipande. Bi Donna, meneja wa abasia ile ya watawa, hakuhitaji kuuliza ni nani. Kati ya wafanyakazi wake wote, ni Aloisi peke yake aliyejua kurudisha nyasi namna ile.

"Watalii wanakata tiketi kuja kuliona hilo shimo," alimwambia ofisini. "Ni desturi ya watawa tangu zamani. Wakimzika mmoja, wanachimba la anayefuata, ili wasisahau kwamba watakufa. Liko mpaka kwenye vipeperushi. Wewe unalifukia kwa nini?"

"Kwetu Burundi kaburi haliachwi tupu. Linaita mtu."

"Hapa ni Marekani, si kwenu. Ukilifukia tena, kazi huna. Kalichimbue."

Aloisi akachukua sepetu yake na mfuko wake wa chakula, akatoka. Nje, Bahizire alizima mashine ya kukatia nyasi. Huyu alikuwa Mkongomani wa Bukavu, na ndiye aliyekuwa akimpakia kwenye gari lake kila asubuhi kutoka Newburg, mtaa wao wa Louisville.

"Donc mzee, unatafuta bakufukuze? Ile shimo haiko yako. Acha ikae wazi, mwenye atakufa atakufa."

"Wewe kata nyasi."

"Niko nakata. Lakini bakikufukuza, ni nani atanilalamikia mu njia yote mpaka Louisville? Nitasinzia ku usukani."

Ya kulalamikia yalikuwepo. Mke wa Aloisi, Theodosia, alifunga jibini za abasia hii miaka tisa, amesimama, katika chumba cha baridi. Saa ya chakula alikuwa anakaa kwenye benchi karibu na makaburi ya watawa. Alisema tangu watoke kambi ya wakimbizi Kigoma hajapata mahali pengine penye utulivu, na siku akifa wamlaze hapo.

Alipokufa, karani wa hospitali alimsukumia Aloisi karatasi za Kiingereza, naye akaweka sahihi pale kidole kilipoonyesha. Alidhani anaruhusu maziko. Baada ya wiki moja wakamrudishia mke wake ndani ya kisanduku, ameshachomwa, mwepesi kama pakiti ya unga.

Akaiandikia bodi ya abasia, kwa mkono wa binti mmoja wa kanisani. Aliomba kona tu. Bodi, watu wa mjini ambao hawajawahi kushika sepetu, walijibu kwa barua nzuri yenye muhuri: sehemu ile ni ya watawa. Ndani ya bahasha waliweka na kadi ya pole yenye picha ya maua. Miaka tisa ya kusimama kwenye baridi, kadi.

Hata watoto hawakumwelewa. Binti yake Angelika alipiga simu kutoka Reynoldsburg, kule Columbus.

"Dadi, nimeongea na Revokatus. Tugawane majivu. Wewe ubaki na kidogo, mimi kidogo, yeye kidogo kule Buffalo. Watu wanafanya hivyo."

"Mama yako si sukari," alisema Aloisi, akakata simu. Alitaka mke wake alale ardhini, mzima, mahali alipopataka mwenyewe. Hakuona ni nini hapo kigumu kueleweka.

Basi akawa anachimba kwa hasira. Alikuwa amezama mpaka kiunoni kivuli kilipomfunika. Muuguzi alikuwa amemsukuma Bruda Anselmi kwa kiti cha magurudumu mpaka ukingoni. Ndiye aliyekuwa mtawa mzee kuliko wote, na kila mtu alijua shimo lile linamsubiri nani. Bruda akamtuma muuguzi akamletee blanketi.

"Kumbe ni wewe unayeniharibia kitanda," alisema.

"Nisamehe, Bruda."

Mzee alimtazama. Akautazama na mfuko wa chakula uliokuwa ukingoni, umetuna pembe nne, haujafunguliwa, na saa ilikuwa nane mchana.

"Theodosia alikuwa akiniwekea jibini zilizovunjika," alisema. "Sheria hairuhusu." Akalamba midomo kama mtu anayekumbuka ladha. "Chimba futi moja zaidi, Aloisi. Wakikuuliza, sema mimi ndiye nimetaka."

Bi Donna aliuliza kweli. Aloisi akajibu kama alivyoambiwa, na meneja akapandisha mabega. Matakwa ya mtawa anayekaribia kufa hayabishiwi, hata na ofisi.

Bruda alifariki baada ya wiki mbili. Walimzika kama wenzake wote, bila jeneza, kisha Aloisi akaamriwa kuchimba shimo jingine kando yake. Akachimba. Asubuhi lilikuwa wazi. Kesho yake pia, na mwezi mzima.

"Naona sasa umezoea nchi," Bi Donna alimpongeza mbele ya wenzake. Bahizire alicheka mpaka akakohoa.

Angelika alipiga tena, akauliza habari za kisanduku.

"Kipo juu ya kabati," baba yake alijibu. Na kweli kisanduku kilikuwepo.

Jumamosi kundi la watalii lilisimama makaburini. Kijana anayewaongoza aliwaonyesha shimo la wazi, wakapiga picha. Kisha akawapa maajabu yake ya mwisho.

"Zaidi ya watu mia mbili wamelala hapa tangu abasia ijengwe," alisema. "Mwanamke, hakuna hata mmoja."

Aloisi aliegemea reki yake mpaka walipoondoka wote kwenda dukani kununua jibini. Akasogea kwenye msalaba wa Bruda Anselmi, akavua kofia.

"Mama Angelika," alisema, "umewasikia?"