Jeli ya Mwani

Siku ya posa, Bi Hasina, mama wa bwana harusi, alimkaribisha Bi Ramila, mama wa bibi harusi, kwa jeli ya maembe. Bi Ramila hali nyama. Alimaliza bakuli zima ndipo akasikia kwamba jeli ile iligandishwa kwa unga uliotengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe. Aliondoka akilia, na kwa miaka miwili hakuikanyaga tena nyumba ile.

Leo alikuja kumwona mjukuu wao. Bi Hasina alimpeleka moja kwa moja jikoni, akamwonyesha mwani mkavu.

"Tazama mwenyewe, dada. Sijaanza kupika."

Aliuchemsha mwani mbele yake mpaka ukayeyuka, akauchuja, akatia sukari na maji ya pasheni, akaumimina bakulini. Wakakaa kungoja ugande, wakipokezana mtoto.

"Siku ile sikujua kuwa huli vya mnyama," Bi Hasina akasema. "Nilipojua, niliona haya kukufuata."

"Nami nilikuwa nakungoja."

Jeli ilipoganda, Bi Ramila alichukua kijiko, akakata kipande kilichotetemeka, akakiinua hadi mdomoni mwa mwenyeji wake.

"Anza wewe," akasema.