Gauni Lililotangulia Kanisani

Gauni la Edda lilifika kanisani kabla Edda hajalimaliza.

Alikuwa anaimba pambio alipoliona likipita mbele yake: kola iliyolala upande mmoja, mikono mifupi yenye marinda, mkanda wa kitenge uliofungwa nyuma. Lake lile, tangu kola hadi pindo. Na lake halisi lilikuwa bado dukani kwake, mtaa wa Bagara, mkono mmoja haujashonwa. Akaacha kuimba.

Ibada ilipokwisha alimkimbilia mwenye gauni.

"Umependeza, mama. Umeshonewa wapi?"

"Bonga, kwa Kindness. Siku hizi amepata fundi huyo, acha tu!"

Hii haikuwa mara ya kwanza wala ya pili mtindo wake kuibwa. Na wa kumfanyia hivyo ni Kindness, mwanamke aliyekuja juzi tu kutoka Moshi kuufuata mkoa mpya wa Manyara, ambaye hata tundu la kifungo lilikuwa likimshinda! Edda alitamani kulia pale pale kwenye ngazi za kanisa.

Maana kubuni nguo alizaliwa nako. Utotoni alikaa chini ya cherehani ya mama yake sokoni, akiokota vipande vya vitambaa na kuyavalisha magunzi ya mahindi magauni ya harusi. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa na ofisi zikamiminika Babati, alifungua duka, akaandika jina lake juu ya mlango, na siku hiyo hiyo akamstaafisha mama yake, Mama Natalia. Ile cherehani ya sokoni aliiweka dirishani, juu yake maua ya plastiki. Wateja waliisifu sana.

Mama Natalia alikuwa akipita dukani, anapapasa nguo kwa ndani, anaguna.

"Mbona hukuacha akiba ya kitambaa? Watu wananenepa, mwanangu."

"Mama, hayo ya zamani. Akiba inavimbisha kiuno."

"Basi nipe hata vifungo nishikize."

"Watu watasema nakutumikisha! Umeshona miaka yote hiyo ukinisomesha. Pumzika."

Mama akapumzika. Mwanzoni alikonda na kununa, lakini miezi ya karibuni pumziko lilikuwa limemkubali. Alinawiri, aliimba akichambua maharage, na kila mchana alikwenda Nakwa kumjulia hali rafiki yake Mama Theodori, ambaye mgongo wake haukuwa unapona. Hilo ndilo jambo pekee maishani mwa Edda lililokuwa likienda sawa.

Jumatatu, Mama Brayson, kiongozi wa kwaya ya akina mama, aliingia dukani. Hakutaka hata kukaa.

"Mwanangu, tulikuja kwako kwa sababu mitindo yako haikupatikana pengine. Sasa inapatikana Bonga. Jumamosi kamati inaamua sare ya Pasaka atashona nani."

Edda alikuwa ameingoja sare hiyo tangu afungue duka. Akiikosa, mji mzima ungesema yeye ndiye anayemwiga Kindness.

Mwizi lazima awe mtu wa ndani, na dukani wa ndani alikuwa mmoja tu: Goodness, fundi aliyemwajiri.

"Dada Edda, haki ya Mungu, mimi Bonga sina hata ndugu," Goodness alisema, machozi yakimtoka. Edda hakutaka kusikia. Alimwambia akusanye vitu vyake aende.

Jioni alichora sare ya kwaya nyumbani, mlango wa nje ameufunga kwa komeo. Safari hii atakayeiba na aibe! Mama Natalia alimletea chai, akasimama kidogo nyuma ya kiti.

"Goodness hajaiba kitu. Mrudishe yule binti."

"Mama, wewe una huruma mno. Utamjuaje mwizi, na unashinda kwa wagonjwa?"

Mama akautazama tena ule mchoro mezani. Akatoka na sinia lake.

Alhamisi Mama Brayson alirudi na sampuli ya sare kutoka Bonga. Aliitandaza mezani, akamtazama Edda kwa huzuni, akaondoka. Ilikuwa ile ile aliyoichora, ila kola ilikuwa imeshushwa kidogo, na, jambo lililomuuma Edda kuliko yote, ilikuwa imependeza zaidi. Aliigeuza ndani nje akitafuta kosa. Mshono ulikuwa umenyooka. Kiunoni kulikunjwa kitambaa kingi cha ziada, na hapo alipata pa kumalizia hasira.

"Washamba wakubwa! Wanapoteza kitambaa bure!"

Aliikunja sampuli kwapani, akafunga duka, akapanda gari la Bonga. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mwizi huyo, na kila alipoyapanga yalizidi kuwa makali.

Kindness alikuwa mlangoni. Alipomwona, uso ukambadilika.

"Dada Edda, karibu. Sikiliza, mimi sijaiba. Fundi wangu anakuja na mitindo kichwani. Alifika hapa mwenyewe akaomba cherehani tu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa."

"Yuko wapi?"

Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa ikilia. Edda alimpita, akalikamata pazia na kulivuta mpaka mwisho.

Mwanamke aliyeinama juu ya sare ya kwaya hakuinua kichwa. Alitoa pini mdomoni kwanza.

"Kindness, rudisha hilo pazia," mama yake alisema. "Mwanangu akijua nashona, atanipumzisha tena."