Nyama Iliyokataa Kuiva

Mama muuzaji alifukua udongo wa shimo la kuokea, akafunua majani ya mgomba na kuidunga nyama ya nguruwe kwa uma. Maji mekundu yakachuruzika. Nyama ilikuwa juu ya mawe ya moto tangu asubuhi, lakini ilikuwa mbichi.

Akawageukia wanawake waliosubiri na sahani zao. "Nani hapa ana mimba? Aseme!"

Wakacheka. Jimbo zima la Yucatán linajua kwamba mjamzito akilichungulia shimo, nyama haiivi.

"Kuni zako ndizo mbichi, mama. Usitusingizie!" alidakia mume wa Landy, mmoja wa wanawake hao, kwa sauti kubwa mno, kama kawaida yake neno mimba likitajwa. Walikuwa na miaka minane ya ndoa bila mtoto. Akamshika mkewe mkono. "Twende zetu. Injini imeshapoa."

Landy ndiye aliyekuwa ameinama juu ya shimo asubuhi, likifukiwa, gari lao lilipochemka na kukwama hapo. Tangu walipotoka mji wa Valladolid harufu ya petroli ilimtia kichefuchefu, naye akalilaumu jua.

Ndani ya gari, kiti kikiwachoma mapaja, alianza kuhesabu kwa vidole siku alizochelewa. Vidole vikaisha. Akarudia.

Kabla ya kukwama, njia nzima alikuwa akimtania mumewe: "Kanyaga mafuta, unaendesha kama babu yangu!" Naye mume akawa anayaruka matuta kwa fujo.

Sasa tuta lingine lilikuwa mbele yao.

"Polepole," alisema Landy. "Hili lipite polepole kabisa."

Mumewe akaondoa mguu kwenye mafuta, akamtazama.