Pedali Tatu

"Klachi kwanza, bibie. Klachi, halafu gia. Utalizima."

Likazimika. Lori lilisimama katikati ya mlima, ndani ya kioo cha kompyuta, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Mkewe akachomoa mguu chini ya meza, akanyoosha vidole, akaurudisha kwenye pedali.

"Tuanze upya," alisema.

Mtaa mzima ulimwita mume huyo Dereva, ingawa tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto hakuwa ameendesha hata baiskeli. Kilichomsalia ni mkono wa kulia, ulimi na ubishi wake. Mkono ulishika usukani wa kuchezea uliofungwa mezani, ulimi ukatoa amri. Gia na pedali ilikuwa kazi ya mke, aliyeketi ubavuni pake kwenye stuli. Akichoka yeye, mke alishika na usukani, akamalizia safari huku akielekezwa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ile ambayo zamani mkewe aliitumia kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Mwanzoni ilikubali mchezo mmoja tu wa magari, wenye barabara zilizonyooka kama rula, na gari lisilozimika hata ulifanyie vituko gani. Dereva aliudharau. Alisema ni wa chekechea. Alichotaka ni ule mpya, wenye milima na matope, na injini inayokununia ukikosea. Lakini kila walipojaribu kuuweka, kompyuta iliunguruma, ikapata moto, ikazima.

Hapo ndipo mkewe alipomshangaza. Mwanamke ambaye hakuwa na habari na michezo alilivalia njuga jambo lile. Alimwita fundi, ikaongezwa memori. Wapi. Akauza cherehani yake bila kuombwa, ikanunuliwa kadi ya picha, na fundi akasema kisanduku cha umeme ni dhaifu, hakitaibeba. Kikaja kisanduku kipya. Fundi alipoleta usukani wenye pedali mbili, mke aliurudisha pale pale mlangoni.

"Nilisema tatu. Gari la kweli lina klachi."

Dereva, aliyesikia yote kutoka kitini, alijikuta anafuta machozi. Mwanamke gani mwingine angemjali kiasi hiki?

Maana chumba kilikuwa kimeanza kumla. Kitanda, kiti, meza, dirisha la nondo. Kutoka kitandani aliweza kuiona pikapu yake ya bluu uani, na kuiona kulimuuma. Kila Jumapili mdogo wake alikuja kuiwasha ili betri isife. Alijua kuwasha tu, kuendesha hajui. Dereva hakuwahi kumfundisha mtu kuendesha gari lake. Alipokuwa mzima mkewe alimwomba amfundishe, naye akacheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Sasa ufunguo aliutundika msumarini, juu ya kompyuta, auone kila siku.

"Mimi ni mfungwa, bibie," alisema siku moja, lori lao likisubiri taa.

"Naijua hali hiyo," alijibu mkewe. Alikuwa chini ya meza, anakaza skrubu ya pedali.

Mke mwenyewe hakuwa mtu wa kutoka. Akienda sokoni, simu ya Dereva ilimfuata: umefika wapi, mbona kimya, uko na nani? Habari zilipokuja kwamba mama mkwe anaumwa, Dereva alisikitika kwa dhati, lakini kusikitika ni kitu kimoja, kwenda ni kingine. Kijijini kwao mke hakufiki basi. Ni njia ya milima na matope, na tangu Dereva aanguke hakuna aliyempeleka.

"Na hata ungepata usafiri," alisema, "nani angenigeuza usiku?"

Mkewe aliwasha kompyuta, akavuta stuli.

"Leo tufanye kurudi nyuma," alisema.

Wakafanya kurudi nyuma. Kesho yake tena, na siku zilizofuata, kisha milima, mpaka Dereva akakosa la kukosoa.

Jumatano moja mdogo wake aliingia na begi la nguo.

"Leo si Jumapili," alisema Dereva. "Au unahamia?"

"Siku chache tu, kaka. Shemeji kasema nije nijifunze pedali."

Mkewe alimnywesha Dereva chai, akamfuta kidevu polepole kuliko siku zote, akamwekea sawa mto mgongoni. "Usimkaripie sana," alisema, akatoka.

Mdogo mtu akakaa kwenye stuli, na balaa likaanza. Alikanyaga breki palipotakiwa mafuta. Alilizima lori getini, akalizima mlimani, akalizima hata kwenye tambarare.

"Shemeji yako hapo angekucheka," alisema Dereva. "Yule sasa mfumbe macho, bado atakupandisha mlima wowote." Alijisikia fahari kusema hivyo. Mwalimu si ni yeye?

Uani, injini ikawaka.

"Nani anachezea gari langu?"

Mdogo wake aliinamisha macho. Miguu yake ilikuwa bado kwenye pedali. Dirisha lilikuwa nyuma, na kujigeuza Dereva hakuweza. Aliinua macho juu ya kompyuta. Msumari ulikuwa mtupu.

"Bibie?" aliita.

Nje, pikapu ilirudi nyuma taratibu, ikapita kati ya nguzo za geti bila kuzigusa, ikasimama. Dereva alibana pumzi, akasubiri izimike.

Klachi kwanza, halafu gia. Haikuzimika.