Asante Isiyofutika

Kabla ya alfajiri nilisikia mfuniko wa sufuria ukitetemeka jikoni, nikajua Sikudhani amekuja kunipikia uji. Ni msichana anayejitolea kutunza wazee. Mtaani kwetu ukimwambia anayejitolea "asante", simu yake hulinasa neno hilo na kuliingiza kwenye mnyororo wa kumbukumbu, katika simu za majirani wote, na hakuna awezaye kulifuta. Hapo kazi yake kwako huwa imekwisha. Hupelekwa nyumba nyingine.

Ndiyo maana nilikuwa sijalisema.

"Uji wako mzito kama ugali," nilimwambia.

"Na bakuli unalilamba, Bibi!" Alicheka, akapiga magoti kunikanda miguu. Kisha akasema taratibu, "Chuo cha uuguzi kinafunga maombi leo. Bila asante yako kwenye mnyororo hawanichukui."

Mikono yake ilikuwa na joto. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kunidai neno hilo.

"Asante, mwanangu."

Simu yake ililia. Zikaitikia za majirani, nyumba hadi nyumba, kama majogoo. Akavaa viatu bila haraka.

"Ukija tena hawatakuandikia chochote," nilisema. "Lakini njoo, mama. Njoo unione."