Kastama wa Mama Herieth

Chumbani kwa Herieth, huko Segerea, kulikuwa na magunia tisa ya mkaa yaliyopangwa mpaka kuziba dirisha. Hakuna hata kipande kilichowahi kuwashwa. Mwenye chumba alipikia umeme, na kazi yake ilikuwa kuwashawishi wanawake wa Chang'ombe nao wapikie umeme.

Na kazi hiyo aliiweza. Aliingia uani na sufuria yake ya umeme ya presha, akamimina maharage, akachomeka waya, akaanza kupiga soga. Kabla umbea haujaisha, maharage yameiva na luku haijapungua hata yuniti moja. Wanawake wale hawadanganyiki kirahisi, lakini kwa maharage yale walinyoosha mikono. Haukupita mwaka, mtaa mzima ukaacha mkaa.

Tatizo ni kwamba aliyeuuzia mtaa huo mkaa, kwa miaka ishirini na sita, ni mama yake mzazi.

Mama hakulalamika. "Kazi ni kazi, mwanangu," alisema, akakaa kwenye kigoda chake kutwa nzima, makopo yamejaa, watu wanampa shikamoo na kupita. Pesa za mtoto hakutaka hata kuziona. Kila alipopewa alizirudisha: "Mie bado nina mikono." Mkaa ule ndio uliomsomesha Herieth, na Herieth ndiye aliyeuulia soko. Roho ilimuuma hadi akakosa usingizi.

Ndipo akamtafuta Mudathir, dereva wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kijana mwenye maneno matamu. Kila Jumamosi, kwa pesa za Herieth, Mudathir alinunua gunia zima kwa mama na kwenda kulishusha Segerea. Ili mama asishtuke, akamtungia hadithi: mkewe anauza chapati, wana watoto wanne, na mkaa wa kwingine una moshi unaomliza mke wa watu. Muongo mkubwa, hata mchumba hakuwa naye.

"Kastama ninaye mmoja, lakini ni kastama haswa," mama akawa anawaambia majirani. Herieth aliposikia hivyo alifurahi kweli, akazidi kujibana na magunia yake. Kilichomsumbua ni kikohozi cha mama tu. Kila alipouliza, aliambiwa ni vumbi, litaisha.

Jumamosi iliyopita alimkuta mama ameegemea magunia, anahema, midomo imemkauka, hawezi hata kuitikia shikamoo. Herieth akapiga magoti palepale kwenye vumbi. Maneno aliyokuwa akiyaogopa yakamtoka.

"Mama, nakuomba. Funga hii biashara."

Mama akacheka kidogo, kikohozi kikamkatisha. Akampangusa mwanawe masizi shavuni kwa ncha ya khanga.

"Na daktari kaniambia hivyohivyo. Unadhani mie sijachoka, Herieth? Nilishafungasha hadi kigoda, nije kwako nile maharage yako ya umeme. Wiki ileile ndiyo akatokea yule kijana Mudathir. Sasa ana mke, ana watoto wanne wanategemea chapati. Nikifunga mie, wale watakula nini?"