Aliyetangulia Homa

Chome alikisikia kikohozi kabla hajapiga hodi. Alisimama uani, daftari mkononi. Wiki iliyopita kijiji cha Gazi hakikuwa na mgonjwa hata mmoja. Hii ilikuwa nyumba ya tisa yenye mgonjwa.

Mwaka huo wa 1957 homa ya mafua ilikuwa imeenea nchi nzima, na kazi ya Chome ilikuwa kuwahesabu wagonjwa wa pwani ya kusini. Alipita kijiji baada ya kijiji kwa baiskeli. Aliketi vitandani mwao, akawashika vipaji vya nyuso, akanywa maji waliyomkaribisha, kisha akauliza: "Kabla ya homa, alikuja nani?"

Watu wa kijiji cha Waa walimtaja Garama, mchuuzi wa ng'onda, samaki waliokaushwa. Wa Kinondo nao wakamtaja Garama. Chome akapeleka jina hilo kwa chifu, na amri ikatoka: Garama asikanyage kijiji chochote.

Garama alimngojea njiani, akasimama mbali kama alivyoamriwa. "Bwana Chome, mimi sijakohoa hata siku moja. Wanangu watakula nini?"

"Ndivyo hesabu inavyosema," Chome alimjibu, akapanda baiskeli.

Siku nne baadaye Garama aliokotwa mikokoni, kapu la samaki likiwa bado begani. Alikuwa akipita matopeni ili asionekane, maji yakajaa yakamzamisha. Hakuwa amefika Gazi.

Tangu hapo Chome alikuwa akiisikia sauti yake kila alipolifungua daftari. Alijifariji kwa jambo moja tu: Gazi imesalimika.

Na sasa kikohozi hiki.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Bi Mwanatumu alikuwa akimkanda mjukuu wake kifua. Mtoto alikuwa akipumua kwa shida.

Chome hakuketi. Kijijini walikwishaanza kunong'ona kwamba marehemu anatembea, na yeye, mtu wa kalamu na karatasi, alikuwa ameanza kuamini.

"Mama, usinifiche. Garama alifika hapa?"

"Garama tumemzika, Mungu amrehemu. Tangu ile amri hapajaingia mgeni."

"Hata mmoja?"

Bi Mwanatumu alifikiri kidogo, akamfunika mtoto.

"Ni wewe tu, mwanangu, Alhamisi ile ulipokuja kutuhesabu."